Irudishe Rafuni Hiyo Ndege ya Kivita

Ndugu yangu uliyesimama mbele ya kabati la kioo, mshahara mfukoni na moto kifuani, nisikilize kabla hujamwonyesha muuzaji kidole. Naijua ndege unayoitazama. Mabawa yake mafupi yamekaa chini ya tumbo, pua imechorwa meno ya papa, ubavuni kuna nyota, na boksi lake limejaa mawingu na moshi. Umeshajiona uwanjani: watoto wamekaa kwenye nyasi, shemeji anarekodi kwa simu, na wewe umeshika rimoti huku ndege ikipita juu ya vichwa kwa mlio wa nyuki. Nakuambia kwa mapenzi yote niliyonayo: irudishe rafuni. Usipoirudisha wewe leo, ardhi itaipokea Jumapili.

Haya sikuyasoma mahali. Yangu ilikuwa P-51 Mustang ya rangi ya fedha, mabawa hayakufika mita moja. Niliipeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule ya jirani saa kumi jioni, wakati ambapo upepo umechangamka na watu wamejaa. Nikairusha kwa mkono. Ikapanda, ikalala ubavu wa kushoto. Nikasukuma kijiti kulia, ikalala kulia kuliko nilivyotaka. Nikavuta nyuma kwa hofu, ikanyanyua pua, ikasita angani kama mtu aliyesahau jina la mwenyeji wake, kisha ikaja chini kwa pua. Toka mkononi mwangu hadi nyuma ya goli hazikupita sekunde saba. Kijana aliyekuwa akiuza karanga aliniletea mkia. Akaniuliza kwa heshima zote, "Kaka, ndivyo inavyotua?"

Tangu siku ile nimekuwa mhubiri.

Na ujumbe wangu ni huu. Ile Mustang haikuwa na kosa. Iliundwa na watu wanaoijua kazi yao, na mikononi mwa mwingine ingecheza angani mpaka betri iishe. Kosa langu ni kwamba niliinunua kwa ajili ya rubani ambaye nilikuwa bado sijawa. Ndege ya kwanza hununuliwa kwa ajili ya vidole ulivyoamka navyo asubuhi hii: vidole vizito, vyenye pupa, visivyojua bado kwamba kijiti cha rimoti huguswa, hakikamatwi. Ndege ya kivita haikuumbwa itulie. Imeumbwa igeuke kabla adui hajageuka. Ukiilaza ubavu, hubaki imelala mpaka uiinue mwenyewe. Mzoefu huipenda kwa sababu hiyo hiyo inayomfilisi mwanafunzi.

Sasa geuka, uende kwenye ile kona ya duka asikosimama mtu. Utaikuta ndege nyingine imelala pale, ina sura ya bata. Bawa lake refu limekaa juu ya bodi. Hakuna atakayeipiga picha. Ichukue, uitazame kwa mbele, pua ikikukabili. Unaona ncha za mabawa zilivyoinuka kuliko katikati, kama viganja vya mtu anayeomba dua? Usidhani ni pambo. Ndege ikiinama upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo. Bawa la upande ule, kwa kuwa limekunjwa kuelekea juu, huikabili hewa kwa pembe kubwa kuliko mwenzake, hubebwa zaidi, na ndege hujinyoosha yenyewe. Wewe wakati huo bado unatafuta kijiti kipi ni kipi. Umekosea, umebabaika, na ndege imeshakusamehe!

Kisha lipapase bawa lenyewe. Likiwa nene, lenye tumbo karibu bapa na mgongo uliopinda, umepata bawa linalobeba hata kwa mwendo mdogo. Ndege nyepesi juu ya bawa pana huweza kwenda kwa kasi ya mwendesha baiskeli mwenye haraka bila kuanguka. Ndege nzito juu ya bawa dogo lazima ikimbie, na siku ikipunguza mwendo, bawa huacha kubeba ghafla, kama mchukuzi aliyetupa gunia. Pesa unayotoa dukani unanunulia sekunde za kufikiri, ndugu yangu. Ndege ya polepole inakuuzia nyingi. Ile ya meno ya papa iliniuzia saba.

Na asikudanganye mtu kwamba ndogo ndiyo rahisi. Hili ndilo kosa la watu wazima wenye busara, wanaosema, "Ngoja nianze na kadogo, nikishazoea nitachukua kakubwa." Ndege ndogo hurushwarushwa na upepo kama karatasi, na ikifika mbali kidogo inakuwa nukta nyeusi, huwezi kujua inakuja au inakwenda. Zimo ndogo zisizofikisha uzito wa yai, nzuri sana kwa ukumbi wa ndani au asubuhi isiyo na pumzi ya upepo, lakini kwa uwanja wa wazi tafuta mabawa ya mita moja hadi moja na nusu toka ncha hadi ncha. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege waliyoiita Guff, mojawapo ya ndege za mfano za kwanza duniani kuongozwa kwa redio zikafanikiwa. Mabawa yake yalikuwa futi 8, karibu mita mbili na nusu. Leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya anga ya Smithsonian. Waliofungua njia hii walianza na jitu kubwa la taratibu. Wewe na mimi ni nani tuanze na mshale?

Uliza ndege imetengenezwa kwa nini. Zamani ilikuwa mbao za balsa: mtu anakaa mezani miezi, anakata, anagundisha, anavisha karatasi, halafu anguko moja linageuza miezi yote kuwa njiti za kuwashia jiko. Waliopitia shule ile nawavulia kofia. Wewe tafuta povu, na si kila povu. Lile jeupe la maboksi ya samaki, linalovunjika chembechembe, huliwa na supaglu ya kawaida. Unapaka gundi uunganishe ufa, unarudi kukuta shimo. Tafuta herufi EPO kwenye boksi. Povu hilo hunyumbuka, hushikana kwa supaglu bila kulika, na pua iliyobonyea ukiitia kwenye maji ya moto hufura tena ikakaribia umbo lake. Nimeinua ndege kutoka kwenye mtaro, nikaipeleka jikoni, na kabla chai haijaiva ilikuwa tayari kurudi hewani. Mke wangu hakulifurahia sufuria, hilo nalo niliseme.

Tazama pia propela iko wapi. Ikiwa puani, kila utakapoanguka ndiyo itakayosalimiana na ardhi kwanza, pamoja na ekseli ya mota. Ikiwa nyuma ya bawa, inasukuma badala ya kuvuta, na pua inabaki kuwa povu tupu la kupokea mapigo. Wajerumani wa Multiplex walilielewa hili vizuri walipotoa EasyStar: bawa juu, mota nyuma yake, mabawa ya karibu mita 1.4, povu kila mahali. Watu wengi sana duniani wamejifunzia ndege hiyo na dada zake. AeroScout ya HobbyZone nayo ina mota ya kusukuma, mabawa ya mita 1.1, na magurudumu matatu. Ile iitwayo Apprentice, yenye mabawa ya mita 1.5, propela yake iko puani kama ndege za shule za urubani wenyewe. Inafaa, ila nunua propela za akiba siku hiyo hiyo, si kesho. Sina hisa kwa yeyote kati yao. Ukiona ya kampuni nyingine yenye maumbile haya haya, ichukue, mradi ujue utakapovunja bawa utalipata wapi lingine. Ndege isiyo na vipuri ni zawadi ya siku moja.

Kimbia, nasema kimbia, ile ya duka la vifaa vya watoto yenye vitufe viwili tu, inayogeuka kwa mota moja kuzunguka zaidi ya nyingine! Haina usukani wa kupandisha wala kushusha pua; inakwenda inakotaka yenyewe, na mtoto anaamini ni yeye asiyejua. Kiwango cha chini ni chaneli tatu: mwendo wa mota, usukani wa kulia na kushoto, na ule wa juu na chini. Nne, zenye vibawa vya pembeni, ni bora kwa anayetaka kuendelea mbele, ila tatu zinatosha kukufundisha kuomba radhi kwa upepo.

Siku hizi kuna kijisanduku kidogo ndani ya ndege chenye jairo, kinachojua ndege imelala kiasi gani na kuinyoosha. Katika ndege za HobbyZone hukiita SAFE. Ukibabaika unabonyeza kitufe, unaachia vijiti, na ndege inajiweka sawa. Wako wanaume watakaokucheka. Waache wacheke, maana mkia wao hauletwi na muuza karanga kwa kuwa walishauvunja miaka ishirini iliyopita, hukuwepo ukauona. Kitumie. Kisha wiki ya tatu, ya nne, punguza msaada kidogo kidogo mpaka mikono yako ijue inachofanya.

Boksi litakuwa na herufi, na hapa wengi wameibiwa na macho yao wenyewe. RTF maana yake vyote vimo: ndege, rimoti, betri, chaja. Hiyo ndiyo yako. BNF haina rimoti. PNP haina rimoti, haina risiva, na mara nyingi haina hata betri. Utaona PNP kwa nusu ya bei, utapiga vigelegele, utafika nyumbani na sanamu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna boksi litakalokuambia. Ndege ikikupa mgongo, kushoto kwake ni kushoto kwako, na dunia ni tamu. Ikigeuka kurudi kwako, kushoto kwake kumekuwa kulia kwako. Hapa ndipo penye makaburi. Mtu anaona bawa linashuka upande wa kulia, akili inampigia kelele asukume kushoto, anasukuma, na ndege inajiviringisha mpaka ardhini. Nimeona profesa akilifanya hili. Nimeona dereva wa basi wa miaka thelathini barabarani akilifanya. Haliangalii elimu. Dawa yake iko hivi: ndege inapokujia, tazama bawa linaloshuka, sukuma kijiti upande ule ule unaouona ukishuka, kana kwamba unachomeka gongo chini ya tawi la mwembe lililoelemewa na maembe. Bawa limeshuka kulia kwako, gongo kulia. Limeshuka kushoto, gongo kushoto. Liseme kwa sauti ukiwa bafuni. Liseme kwenye daladala, abiria wajisogeze mbali nawe. Na kwa sababu hii hii, chagua ndege ambayo mgongo na tumbo vina rangi tofauti kabisa, njano juu na nyeusi chini kwa mfano, ili ikiwa mbali macho yajue imelalaje.

Kabla hujaigusa anga, anguka kwanza kwenye kompyuta. Programu kama PicaSim na RealFlight zinaiga ndege hizi vizuri, na PicaSim haina malipo. Vunja ndege mia mle. Zote hufufuka kwa kubonyeza kitufe. Na ukimpata mwenye uzoefu akakubali kuunganisha rimoti yake na yako, ili akiona umepotea anyakue usukani kwa swichi moja, mtu huyo mnunulie chakula cha mchana mpaka astaafu.

Betri! Mniwie radhi nikipaza sauti hapa, maana ndege iliyoanguka hununuliwa nyingine, nyumba iliyoungua ni habari nyingine. Betri hizi za lithiamu polima zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Ya seli tatu ina volti 11.1. Seli iliyojaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3 imeumia, na haitakuwa kama zamani. Tumia chaja inayosawazisha seli moja moja. Usichaji ukalala. Usichaji ukaenda msikitini au kanisani ukaiacha na watoto. Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na pazia na godoro. Iliyovimba usiijaribu kwa huruma, imekwisha. Ukimaliza kuruka na hutaruka tena wiki hiyo, iache kwenye volti kama 3.8 kwa kila seli, isishinde njaa wala isivimbiwe.

Na kama ni mjomba anayekuletea kutoka Dubai au Muscat, mwambie mapema: betri za akiba haziruhusiwi kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege, zinakaa naye kwenye begi la mkononi, ncha zimezibwa kwa selotepu. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali cha shirika ni saa-wati 100 kwa betri moja. Ile ya seli tatu yenye mAh 2200 ina kama 24 tu, basi hana la kuogopa. Asipoambiwa ataitupia sandukuni kati ya kanzu na manukato, na utabaki unampigia simu.

Sheria nayo ipo, hata kama jirani amekuambia haipo. Marekani, ndege yoyote ya namna hii inayozidi gramu 250 husajiliwa kwa mamlaka ya anga, FAA, na mrushaji wa burudani hufanya mtihani mdogo wa usalama usio na ada. Sehemu kubwa ya nchi ukomo wa kupanda ni futi 400, karibu mita 120. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya anga visivyo na rubani, zinazosimamiwa na mamlaka ya anga ya huko, KCAA. Tanzania wa kuulizwa ni mamlaka yake ya anga, TCAA. Usijipe moyo kwamba kwa kuwa yako ina mabawa na si droni basi haikuhusu. Nenda ukaulize kabla ya kulipa, upate jibu la mwenye dhamana, maana polisi hatatofautisha bata wako na droni ya mpelelezi. Na popote ulipo duniani, kaa mbali na uwanja wa ndege halisi, barabara, na vichwa vya watu. Povu jepesi likija kwa kasi usoni mwa mtoto halijui kwamba ni povu.

Dada yangu uliyenisoma mpaka hapa ukifikiri haya ni ya wanaume, wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Wale wanaojifunza upesi kuliko wote niliowaona ni wenye mikono isiyo na ubishi.

Sasa umeshainunua. Sura ya bata, bawa juu, mota nyuma, njano na nyeusi. Chini ya bawa kuna alama mbili ndogo, moja kila upande. Inue ndege kwa ncha za vidole viwili hapo hapo, betri ikiwa ndani. Ikae sawa, au pua iiname kidogo sana. Mkia ukizidi kuwa mzito, sogeza betri mbele, maana ndege ya mkia mzito utaiona ikiruka mara moja tu, ya kwanza na ya mwisho. Jaribu kila usukani ukiwa umesimama nyuma ya mkia. Halafu lala mapema.

Usije saa kumi jioni nilivyokuja mimi. Pwani upepo wa bahari unapanda kadiri jua linavyopanda. Bara nako adhuhuri ardhi inachemka na hewa inapiga mateke. Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi ndefu zitakazoipokea ndege kama mkeka. Simama ukiupa upepo uso. Mtupo uwe wa usawa, usio wa juu, mkono ufuate kama unarusha mkuki kwa mtu unayempenda. Ipe mota nguvu, uiache ipande. Usiiguse mpaka ifike urefu wa minazi mitatu iliyopandana, maana kosa lililofanyika juu lina nafasi ya kutubu. Hapo punguza moto, geuza taratibu, rudi, geuza tena. Kipima saa kikilia, dakika sita au saba hivi, shuka ungali na chaji, mabawa sawa, pua upeponi, mota imezimwa.

Mimi nitakuwepo pembeni ya goli, na bata wangu mwenye selotepu tatu shingoni. Yule kijana wa karanga naye huja siku hizi. Ana ndege yake, na anaitua vizuri kuliko mimi. Betri zimejaa. Miti haijatikisika bado. Haya, jongea mbele, shika rimoti.